Gari la Viti Viwili

Swali lilikuwa moja, na niliulizwa kila mahali: kwenye bomba la maji, sokoni, mlangoni pa kanisa baada ya ibada.

"Papa, ile gari ya watu wawili, vita ikirudi utakimbia nayo na nani?"

Waliouliza walicheka, lakini halikuwa swali la mzaha. Bunia ya miaka ile ilikuwa na amani ambayo hakuna mtu aliyeiegemea kwa uzito wake wote. Maduka yalifunguliwa asubuhi, pikipiki zilijaa bulevari, watoto walikwenda shule. Hata hivyo, nyuma ya mlango wa kila nyumba niliyoijua palikuwa na mfuko uliofungwa tayari: nguo, vyeti, sufuria moja, kandambili. Mtu aliyetaka kununua kitu alipima kwanza kama kinabebeka. Godoro la sponji lilithaminiwa kuliko kitanda. Wengi walifuga mbuzi wakaacha nguruwe, kwa sababu mbuzi anaweza kutembea safari ndefu na watu.

Katika mji wa namna hiyo niliingiza uani kwangu, mtaa wa Rwambuzi, gari lisilo na injini wala paa, lenye pua ndefu na viti viwili, lililokaa chini kiasi kwamba mbuzi wetu aliweza kutazama ndani bila kuinua shingo.

Lilikuwa la mwenye shamba la kahawa, mzungu aliyeondoka kabla mimi sijajua kusoma. Liliachwa kwenye hangari ya matofali, likafunikwa na magunia na maganda ya kahawa, na maganda hayo ndiyo yaliyolikinga na unyevu. Wakati wa vita watu wenye bunduki waliikata injini wakaenda nayo. Nadhani walitaka kuendeshea mashine ya kusaga. Magurudumu waliyaacha kwa sababu hayaingii kwenye gari lolote linaloweza kubeba watu kumi na silaha zao. Mwenye hangari alitaka kupanga humo mifuko ya saruji. Aliniambia nikiliondoa mwenyewe ni langu. Nililiondoa siku hiyohiyo, likivutwa nyuma ya lori kwa kamba, huku mimi nimekaa ndani na kushika volani.

Niseme kwa nini nililitaka, maana mengi yalisemwa. Ufundi sikuufundishwa shuleni. Niliupata kwa kufungua vitu na kuvifunga tena, na baadaye kwa vitabu vya mafundi vya Kifaransa ambavyo nilivisoma neno kwa neno, kamusi pembeni. Vita vilipofika nilikuwa tayari najulikana, na kujulikana hakukunisaidia. Nilichukuliwa, nikawekwa kwenye karakana, nikatengeneza malori na pikapu za watu ambao hawakuniuliza kama nataka. Hata baada ya hapo, magari yote yaliyopita mikononi mwangu yalikuwa na moja kati ya kazi mbili, kukimbia au kukimbiza. Nilitaka mashine moja ambayo haifai kwa kazi yoyote kati ya hizo. Gari lile lilikuwa halifai kabisa. Haliwezi kubeba familia, wala kupandishwa bunduki. Linaweza tu kumpeleka mtu mahali na kumrudisha, kwa furaha.

Mke wangu alilitazama siku ya kwanza, akazunguka, akarudi mbele.

"Iko muzuri," alisema. "Sasa itatoka lini hapa?"

Yeye anauza vitenge, ametoka Butembo kama mimi, na ana jicho la mfanyabiashara: anajua thamani ya kitu kabla hajakigusa. Lakini hilo silo lililomtia wasiwasi. Uani kwetu palikuwa na gari jingine lisilo na injini, basi dogo la Kijapani ambalo tulilipata likiwa ganda tupu. Basi lile lilikuwa mpango wake. Wakati wa vita alitoka Bunia kwa miguu, binti yetu mkubwa mgongoni na wa pili tumboni, akapita Komanda akaenda mpaka Beni, na mimi nilikuwa kule karakanani nisijue kama wako hai. Hakuwahi kunilaumu. Alisema tu, mara moja, kwamba hatatembea tena ile njia. Basi likipata injini, hatatembea.

Na injini ilipatikana. Kigari cha mizigo cha Kijapani, kilichokuja kwa njia ya Kampala kama magari yetu mengi, kilipinduka kwenye mteremko na kubomoka kabisa nyuma. Mbele hakikuguswa. Mwenyewe alikuwa na deni la kazi kwangu, akaniachia injini pamoja na bwati yake, yaani sanduku la gia, nyaya zake zote na kile kisanduku cha umeme kinachoamua petroli iingie kiasi gani. Ilikuwa injini ya kisasa, ya mitungi minne, yenye kupuliza petroli badala ya kuinyonya kwa karabureta. Ingeingia kwenye basi bila kubadili hata buloni moja ya kuifungia. Ingeingia pia kwenye gari dogo, kama mtu ana subira.

Tulizungumza jikoni, mlango umefungwa ili watoto wasisikie.

"Papa watoto, motere iko moja."

"Iko moja."

"Na siye tuko watano."

"Ninajua."

Alikoroga sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. "Sawa. Ninakupa kiangazi yote. Mvua ikianza, na ile kitu haijatoka mu mulango kwa nguvu yake yenyewe, motere inaenda mu bisi. Na ile gari yenyewe unaipeleka kwa wenye kukata vyuma. Unakubali?"

Nilikubali. Lilikuwa sharti la haki, na nilidhani nitamaliza mapema.

Nafanya kazi kwa utaratibu. Kabla ya kuinua injini, niliitengenezea mfano wa maboksi na vipande vya mbao, ukubwa uleule: kimo, urefu, tumbo la mafuta linapochomoza, mahali pa bwati. Nililivua gari kila kilichokuwa mbele. Kifaa cha volani pia nilikitoa, nikakisafisha, nikakitundika ukutani kwenye msumari. Kisha nikaushusha mfano wangu kwenye nafasi iliyo wazi. Tumbo la mafuta liligusa chuma cha kukingama. Nikaweka alama, nikalikata tumbo la injini yenyewe na kulichomelea upya kwa umbo jingine, likaacha kugusa. Bwati ilitaka nafasi zaidi kati ya miguu ya dereva na ya abiria. Nikalipanua bati kwa nyundo na gogo. Gari hili lilikuwa na desturi ya kizamani ya kuunganisha upande chanya wa betri na mwili wa gari, na kisanduku cha umeme cha kisasa kingeungua mara moja. Nikageuza kila kitu. Yote haya nilikuwa nimeyaona kabla hayajatokea, na nakiri nilitembea uani nikijisikia vizuri.

Jirani yetu, dereva mstaafu wa malori, alikuwa akifuata kazi kutoka upande wa pili wa ua. Alikuwa na kiti chake hapo, na redio. Aliniita Injenyere, na hakunipa jina hilo kwa heshima.

"Injenyere! Leo umefika ku chuma gani?"

"Leo bwati."

"Bwati! Maneno makubwa. Na mashimo ya bulevari unajua urefu yake? Ile gari ikiingia mu shimo moja, tutakuvuta na kamba kama ndoo mu kisima."

"Utashika kamba?"

"Nitashika, jirani. Mutu hawezi kukosa sinema kama ile."

Siku ya kuishusha injini halisi, alikuja mwenyewe kusaidia kuvuta mnyororo, pamoja na mchomeaji vyuma wa mtaani, mtu wa Djugu aliyeacha mashamba yake na kujifunza kuchomelea mjini. Injini ilishuka polepole, ikakaa juu ya mipira yake ya kupunguza mtetemo, buloni zikaingia kwenye matundu bila kusukumwa. Mchomeaji alipiga makofi.

Nikaenda ukutani, nikatungua kifaa cha volani, nikakirudisha mahali pake. Mti wake wa chuma ulishuka kutoka kwenye volani, ukapita ukuta wa mbele, ukaingia katikati ya bomba la moshi la injini. Haukugusa pembeni. Uliingia katikati, kana kwamba mtu amelenga.

Tulisimama wote watatu tukitazama. Ilichukua muda kuelewa jambo ambalo lilikuwa wazi tangu mwanzo. Magari ya Bunia, karibu yote, yanatoka upande wa Uganda na volani yake iko kulia. Kwa miaka yote niliyofanya kazi nilikuwa nimeingiza mkono kulia kutafuta volani na kushoto kutafuta bomba la moshi. Injini ile ilitoka kwenye gari la namna hiyo: moshi kushoto, ili kulia pabaki wazi. Gari la mzungu lilikuwa na volani kushoto, kama nchi yetu inavyotaka, maana sisi tunapita kulia kwa barabara. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti kile cha kushoto, nikishika volani ile, siku nilipolivuta kutoka hangarini. Nilipima kila kitu isipokuwa hilo. Na si mimi peke yangu: hakuna fundi hata mmoja aliyepita uani kwangu aliyeliona. Mji mzima tulikuwa na kosa moja machoni.

"Muzungu alikosea upande," jirani alisema, akacheka hadi akaketi chini.

Mchomeaji hakucheka. Alitazama, akasema jambo la busara: volani ihamishwe kulia. Dashibodi ile ni bati tu. Unakata tundu kulia, unaziba kushoto, unageuza kifaa. Kazi ya siku chache. Kila mtu angefanya hivyo.

"Fanya, Injenyere," jirani alisema, akijifuta macho. "Bunia nzima iko kulia. Weye ni nani?"

Nilisema hapana.

Waliniuliza sababu, na niliitoa, ingawa nilikuwa nimekasirika na sikuisema vizuri kama ninavyoiandika sasa. Dereva wa volani ya kulia katika nchi inayopita kulia haoni mbele akitaka kulipita lori. Ndiyo maana kila gari letu lina mtu wa kushoto ambaye kazi yake ni kutoa shingo dirishani na kupiga kelele: "Pita! Bado! Pita!" Tumezoea. Tumezoea hadi tunaona ni kawaida mtu kushika volani na mwingine kumwambia kama njia iko wazi. Hili lilikuwa gari pekee nililowahi kumiliki ambalo mwenye volani anaona barabara kwa macho yake mwenyewe. Nisingelikata ili lifanane na magari yaliyokuja kwetu kwa sababu kwao yamechoka.

"Basi utapitisha moshi wapi?" mchomeaji aliuliza.

"Sijui."

"Hapo njo anasema kweli," alisema jirani.

Sikujua kwa muda mrefu, na kiangazi kilikuwa kinapita. Nilijaribu kutengeneza bomba jipya la moshi linalopinda kuelekea mbele kabla ya kushuka. Likapunguza tatizo lakini halikulimaliza. Mti wa volani ulilazimika kupinda nao. Mti unaweza kupinda ukiwa na viungo viwili, kama kiwiko na kifundo cha mkono. Viungo hivyo vipo kwenye magari ya kisasa, chini ya dashibodi, na vinashikana kwa meno ya chuma na buloni. Nilitaka vya namna hiyo, visivyohitaji kuchomelewa, kwa sababu mchomo ukikatika kwenye volani hakuna nafasi ya kujirekebisha. Nilipata kimoja kwa watu wanaouza vipande vya magari yaliyokufa. Cha pili nilikuwa nakitafuta bado siku habari mbaya ilipofika.

Ilikuwa asubuhi. Watu wa upande wa Djugu walianza kuingia mjini na magodoro vichwani, wakisema risasi zimelia usiku kucha na kwamba wale watu wenye bunduki wanashuka kutoka milimani. Kila mmoja alikuwa na kijiji chake alichosema kimeungua. Kufikia adhuhuri maduka yalikuwa yamefungwa na pikipiki zilipita na familia nzima juu yake. Mke wangu alirudi na vitenge vyake vyote vimefungwa bunda moja. Aliliweka chini, akatazama basi, akatazama injini mahali ilipokaa.

"Ningekuwa na bisi leo," alisema.

Nilikwenda kuchukua mfuko nyuma ya mlango.

Jirani alikuja mlangoni. Mpwa wake alikuwa na lori la mbao lililokuwa linarudi Mambasa tupu. Kulikuwa na nafasi kwa sisi wote. Mambasa mke wangu ana dada. Lori lilikuwa limesimama nje; mke wangu alianza kupandisha watoto.

"Nanyi pandeni," jirani alituambia. "Hata weye, Injenyere. Pale hakuna viti viwili, kuna mahali ya wote."

"Mimi sitoki," nilisema.

Mke wangu, aliyekuwa ameshapanda, alishuka tena chini. "Unabaki sababu ya gari?"

"Ninabaki sababu ya nyumba."

"Nyumba haina volani," alisema. Kisha akaushika mkono wangu, akaubana kwa nguvu, akapanda. Lori liliondoka. Jirani alikuwa amekaa juu ya bunda letu la vitenge, redio mapajani.

Wale watu hawakufika. Waliishia mahali fulani milimani, au hawakuwa wengi kama ilivyosemwa, au walikuwa na shughuli nyingine, hatukuelezwa. Maduka yalifunguliwa. Jirani alirudi, akakunjua kiti chake, akaendelea kunidhihaki. Lakini mke wangu hakurudi. Alinipigia simu kutoka Mambasa.

"Watoto wako salama. Wanakula. Unanisikia?"

"Ninakusikia."

"Nitarudi siku utaniambia motere iko mu bisi. Kabla ya pale, hapana. Nimechoka kuangalia mulango na kuhesabu miguu ya watoto."

Nilijaribu kusema neno. Unité zake, yaani salio la simu, ziliisha.

Kuitoa injini ile na kuiweka kwenye basi ilikuwa kazi ndogo kwangu. Nililiangalia jambo hili bila haraka, kama ninavyoangalia mashine iliyokwama. Upande mmoja palikuwa na gari ambalo halifai kwa lolote. Upande wa pili palikuwa na mke wangu na watoto watatu kurudi nyumbani. Ukiiandika hivyo, hakuna mwanamume mwenye akili anayesitasita. Nilitundika mnyororo juu ya injini, nikafungua buloni za mbele, nikavuta hadi ikaanza kuinuka kwenye mipira yake.

Hapo niliona kilichokuwa kinanisumbua. Nikiweka injini kwenye basi, atarudi. Atarudi kwenye nyumba iliyo na basi uani, limejazwa petroli, na tutalala sote tukilisikiliza. Kila mlio wa tairi la pikipiki utakuwa swali: sasa? Atakuwa amerudi kungoja kuondoka. Nilikuwa nimewatengenezea watu wengine magari ya kukimbia kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na sasa nilitaka kumtengenezea hata mke wangu. Vita havikuwa mjini, lakini vingekuwa vimekaa uani kwangu vikiwa na injini nzuri.

Niliishusha. Nikakaza buloni. Jioni hiyo nilinunua unité nikampigia.

"Sitakudanganya," nilisema. "Motere iko mu gari ndogo na itabaki mule. Bisi nitaitafutia ingine, polepole. Lakini hii haitoki."

Nilitazama simu nione kama imekatika.

"Umemaliza?" aliuliza.

"Nimemaliza."

"Sawa." Akakata.

Sikujua "sawa" ile maana yake nini, na siku zilizofuata sikumpigia kwa sababu sikuwa na neno jingine la kuongeza. Nilifanya kazi. Kiungo cha pili cha volani nilikipata kwenye gari lililoungua. Nilikisafisha, nikakifunga, mti ukapita nyuma ya bomba jipya la moshi ukiacha nafasi ya vidole viwili. Niliyabana magurudumu ya mbele kati ya magogo yasiweze kugeuka, nikafunga bomba refu la chuma kwenye volani, nikavuta kwa uzito wangu wote, kushoto na kulia. Gogo lilihama. Viungo havikuhama. Nikaunganisha betri, upande hasi kwenye mwili wa gari, nikageuza ufunguo. Iliwaka mara ya kwanza, kwa sauti ndogo na safi ambayo haikufanana na umbo la gari lile hata kidogo.

"Ni hii tu?" jirani aliuliza juu ya ua. "Nilizani italia kama ndege."

"Inatosha."

"Haya, toka basi. Nimeleta kamba."

Nilitoka mlangoni kwa nguvu ya injini yenyewe, mvua ikiwa bado haijaanza. Hakuna aliyekuwepo wa kulishuhudia sharti hilo isipokuwa jirani, mbuzi, na wauza mkaa wawili waliokuwa wakipita. Nilikwenda bulevari nikarudi, nikikwepa mashimo kwa macho yangu mwenyewe. Waendesha pikipiki walinisindikiza wakipiga honi. Mmoja alipaza sauti: "Muzee, nusu ingine umeiacha wapi?" Nilimwambia aitafute yeye, atalipwa. Nilirudi nyumbani, nikaketi jikoni, na nyumba ilikuwa kimya kabisa.

Simu ililia siku chache baadaye.

"Kesho tuko mu bisi ya kutoka Mambasa. Ukuje parking. Usikuje na maneno."

Nilikwenda na gari. Sikufikiria kwenda na kitu kingine. Nilisimama pembeni ya parking kati ya mabasi marefu, na watu wakakusanyika kama kawaida, wakiinama kutazama ndani. Basi lilipofika alishuka wa mwisho, watoto mbele yake, vumbi jekundu hadi kwenye nyusi. Aliliona gari. Alinitazama mimi.

"Nimerudi sababu ya nyumba yangu," alisema, kwa sauti ambayo parking nzima ilisikia. "Haiko sababu ya gari yako. Unielewe vizuri. Kugombana kwa simu kunamaliza unité, njo sababu nimerudi tugombane kwetu."

"Karibu," nilisema.

"Bado sijaanza."

Watoto wote watatu walipanda pikipiki moja, mkubwa nyuma akiwashikilia wadogo, wakatangulia. Mabunda yalipanda pikipiki ya pili. Mke wangu alisimama mbele ya mlango mdogo, akatafuta namna ya kuingia, akaingia kwanza kwa mguu mmoja, akaketi ghafla kuliko alivyotarajia.

"Eh! Iko chini namna hii?"

Tulitoka. Kisha, akitazama mbele, alisema: "Kwa dada tulikuwa tunalala na viatu. Kila siku kulikuwa maneno mapya, mara huku, mara kule. Mutoto mudogo akaniuliza: mama, kuna watu wanalalaka bila viatu?"

Kwenye mzunguko polisi wa barabarani alitusimamisha. Alizunguka gari mara moja, kisha, kwa mazoea ya mji wetu, akaenda upande wa kulia, akainama kwa mke wangu.

"Mama, leta permi ya kuendesha."

Mke wangu alimtazama, akatazama mbele yake, mahali ambapo hapakuwa na volani, akamrudia.

"Shefu, umuulize huyu. Miye niko tu mwenye kugombana naye."

Polisi alikuja upande wangu akicheka, akasahau kuangalia karatasi. Alitaka kujua motere ni ya gari gani. Nilimwambia. Alitikisa kichwa, akapisha. Niliporudi barabarani nilihisi kiti cha pembeni kinatikisika, na ilinichukua muda kujua kwamba anacheka, mkono mdomoni, machozi yakichora njia kwenye vumbi la mashavu. Kisha akaacha, akakunja mikono.

"Bisi utaitafutia motere," alisema.

"Nitaitafutia."

"Ya kupelekea vitenge Komanda siku ya soko. Unanisikia? Ya kazi."

"Ya kazi."

Tulifika mlangoni kwetu, binti mkubwa akatufungulia. Nilipita mlango kidogo, nikasimama, nikaweka gia ya nyuma. Kila mtu Bunia huingiza gari uani kinyumenyume, na mimi nilifanya hivyo tangu vita bila kuwaza: pua ya gari itazame barabara, ili siku ya siku usipoteze muda kugeuza. Madereva wapya hufundishwa hivyo kabla ya kufundishwa breki. Nilikuwa nimegeuza shingo kutazama nyuma aliponigusa mkono.

"Ingiza hivi hivi."

"Kichwa mbele?"

"Ingiza. Miye niko na njaa."

Nikaondoa gia ya nyuma, nikaingiza gari pua mbele, hadi karibu na ukuta wa jiko, nikazima. Juu ya ua kichwa cha jirani kilitokea.

"Injenyere! Umeingiza vibaya! Ile gari itatoka namna gani?"

Mke wangu alikuwa anajitoa kwenye kiti, mkono mmoja juu ya mlango, mwingine juu ya bega langu. Alisimama wima, akarekebisha kitenge chake.

"Iko vizuri, jirani," alisema. "Hatutoki."

Akaingia jikoni kuona nilivyoziharibu sufuria zake.